UZI: Maganda ya mayai kusafisha maji ya kisima, kuna mtu amejaribu kweli? (Nakuru)

#1 MamaTrei

Habari zenu wadau. Mimi niko Kiamunyi hapa Nakuru, nina kazi ndogo ya kuoka keki na maandazi ya oda. Siku ikiwa nzuri navunja trei tano za mayai. Kwa hivyo maganda ninayo, na si ya kubahatisha. Ni gunia linalojaa nyuma ya jikoni na kuita nzi mpaka jirani wa ukutani amenununa.

Sasa nisikizeni. Wiki jana kifungua mimba wangu, yuko gredi ya 5, amerudi na picha ya darasa. Watoto wote wanacheka, yeye peke yake amebana midomo. Nikamuuliza, mbona hivi? Akasema, "Mama, wananiita Kutu." Meno yake ya mbele yana michirizi ya kahawia, na nilikuwa nikidhani hapigi mswaki vizuri, nimemgombeza miaka miwili. Nikapeleka maji ya kisima cha ploti maabara. Karatasi ikasema floraidi, yale madini yanayotia meno kahawia yakizidi, ni 4.2 miligramu kwa lita, na pembeni wameandika kiwango cha mwisho ni 1.5.

Juzi usiku nikaona video, mzungu amesaga maganda ya mayai, ameyatia kwenye maji machafu, anasema yanavuta madini yote na floraidi pia. Sikulala. Nina dawa nyuma ya jikoni na ninaitupa?

Swali: ni kweli? Natia kiasi gani kwa mtungi wa lita 20? Mabichi au yaliyochomwa? Na tafadhali msinitumie kwa wauza mitambo, bei zao nazijua.

#2 Pasua_na_Kachumbari

Mama, kabla hujaendelea. Mimi nauza mayai pasua stejini na maganda namwaga kila jioni. Kama hii kitu inalipa niambie mapema niyapange kwa bei ya jumla 😂

#3 FundiPampu

Nimefunga pampu za visima kuanzia Rongai mpaka Gilgil. Maji ya huku ni magumu, ni ya chumvi, kila mtu anajua. Ganda la yai ni chokaa. Ukitia chokaa kwenye maji magumu unayaongezea ugumu, birika litapiga ukoko mpaka uchokore kwa kijiko. Achana nayo. Chemsha maji unywe, watu wameishi.

#4 KukuKienyeji

Kuchemsha hakutoi floraidi, Fundi. Maji yanapungua kwa mvuke, floraidi inabaki palepale. Ukichemsha sana ndiyo unaikoleza.

Maganda nayajua kwa kazi moja tu: osha, kaanga kwa sufuria kavu mpaka yawe yanavunjika kwa vidole, twanga, wape kuku wanaotaga. Ganda limerudi kwa mwenyewe, hesabu imefungwa.

#5 Jadunga

Salamu kutoka Kisumu. Nyinyi mnalilia maganda, sisi huku tuna magamba. Nenda Obunga asubuhi uone mgongo wazi unavyoanikwa, ile mifupa ya mbuta, samaki mkubwa wa ziwani, inayobaki baada ya kiwanda kutoa minofu. Magamba ya ngege yanajaa kwenye mitaro mpaka viatu vinateleza. Na ufuoni kuna nyumba za konokono, watu wanachota kwa koleo wanauzia wasagaji wa chakula cha kuku. Kama ganda linasafisha maji, basi ziwa letu lingekuwa la kwanza kuwa safi, maana limekalia maganda tangu enzi za Nyamgondho, yule wa ngano za Wajaluo.

Lakini nauliza kwa nia njema, kwa sababu kisima cha nyumbani Nyalenda nacho kinanuka.

#6 MwalimuWaMaabara

MamaTrei, pole kwa kijana. Usimgombeze tena, si mswaki. Nafundisha kemia shule moja upande wa Kakamega, lakini nilisomea Njoro, kwa hivyo maji yenu nimeyaoga miaka minne.

Nianze na Fundi, samahani ndugu yangu, hapo umeteleza. Maji yenye floraidi nyingi katika Bonde la Ufa kwa kawaida si magumu, ni laini. Yana sodiamu na bikaboneti kwa wingi, kalsiamu kidogo. Ndiyo maana ukinawa unasuuza na kusuuza na bado mkono unateleza kama sabuni haijatoka. Floraidi inatoka kwenye mawe ya volkano, maji yanakaa nayo chini huko miaka mingi yakiilamba. Na kwa vile kalsiamu ni haba, hakuna wa kuishika na kuishusha chini. Inabaki inaelea.

Hapo ndipo mtu hupata wazo la ganda, na si wazo la kijinga. Karibu asilimia 95 ya ganda la yai ni kalsiamu kaboneti, ileile ya marumaru, chaki ya zamani na nyumba ya konokono wa Jadunga. Yai la gramu 60 lina ganda la gramu 6 hivi. Trei tano ni karibu gramu 900 kwa siku. Kalsiamu unayo mama, tena ya kugawa. Shida ni kuitoa humo. Tia ganda kwenye siki, litachemka povu mpaka libaki utando mtupu. Tia kwenye maji ya kisima chako, yenye tabia ya magadi, litakaa chini likikutazama.

Utasema, basi nilichome. Ukilichoma kwenye digrii 800 hadi 900 linatoa hewa yake na kuwa chokaa kali isiyozimwa. Gramu 100 za kalsiamu kaboneti hubaki gramu 56. Hiyo chokaa inaingia majini kwa fujo, inatoa joto, inapandisha pH, kile kipimo cha asidi na magadi, hadi 12 na zaidi. Ikirukia jicho unaweza kupofuka. Jikoni penye watoto sitaki kuisikia.

Na hata ukivumilia hayo yote, kuna ukuta mbele. Kalsiamu na floraidi zikishikana zinatengeneza kitu ambacho nacho huyeyuka kidogo: lita moja ya maji hubeba karibu miligramu 16 zake, na ndani ya hizo 16, floraidi ni karibu 8. Viwanda vyenye maji taka ya floraidi ya mamia ya miligramu kwa lita hutumia chokaa kuishusha, na chokaa ikiwa peke yake kwa kawaida hukwama jirani na hiyo 8. Wewe uko 4.2. Mahali chokaa inapochoka, wewe tayari umeshapita.

#7 MamaTrei

Mwalimu asante, nimesoma mara tatu. Lakini huyo wa video alionyesha na kipimo kikashuka!

#8 MwalimuWaMaabara

Uliona maji yenyewe yalitoka wapi? Majaribio mengi ya namna hiyo hutumia maji yaliyotengenezwa maabara: unachukua maji safi, unatia floraidi unayotaka, unarekebisha pH mpaka ganda lifurahi. Si uongo. Ila si kisima cha Kiamunyi.

#9 MamaTrei

Nitajaribu hivyo hivyo. Maganda ni ya bure na mimi ni mbishi.

#10 MajiDili

Habari madam tuna poda asilia ya maganda ya bahari inatoa floraidi, chumvi, risasi, bakteria, sumu ZOTE kijiko 1 lita 20 ofa mwisho wa mwezi

#11 Pasua_na_Kachumbari

"Sumu zote." Hata deni la duka inatoa?

#12 KukuKienyeji

MajiDili, weka hapa karatasi ya maabara, kabla na baada, maji ya Nakuru. Tunasubiri.

(Mpaka leo tunasubiri.)

#13 MwalimuWaMaabara

Nisionekane nimelitukana ganda. Lina kazi yake na linaifanya vizuri, ila ni kwa madini mengine. Niwaonyeshe tulichofanya na kidato cha tatu, mtu yeyote mwenye mrututu, ile chumvi ya buluu ya shaba, anaweza kukifanya, ila kwa glavu na mbali na vyombo vya kula.

Tuliyeyusha mrututu kidogo kwenye maji, yakawa buluu kama anga. Tukagawa kwenye chupa mbili. Moja tukaiacha. Nyingine tukaitia vijiko vitatu vya unga wa maganda, ule uliopita kwenye chekecheke ya chai. Mara ya kwanza mkitikisa kuna viputo vidogo. Kisha tukaacha hadi kesho. Asubuhi ile chupa isiyo na kitu ni buluu vilevile. Ile ya maganda, maji yamepauka karibu kuwa meupe, na unga chini umegeuka kijani cha bahari. Watoto walipiga kelele mpaka mwalimu wa zamu akaja. Shaba imetoka majini imeenda kukaa juu ya ganda, imebadilishana nafasi na kalsiamu.

Madini ya risasi hufanya hivyohivyo, tena kwa urahisi zaidi, kwa sababu kaboneti ya risasi karibu haiyeyuki kabisa. Kadimiamu pia, nayo ni madini mazito ya sumu. Ganda huwa na vitundu elfu kadhaa ambavyo kifaranga alikuwa apumulie, ukilisaga unaongeza uso wa kushikia. Pia asidi: maji makali yanayotoka kwenye kazi za betri, ganda linayapoza. Na fosfeti, ile ya sabuni na samadi inayolisha gugu maji la Ghuba ya Winam kule Kisumu, maganda yaliyochomwa yanaishika vizuri.

Kwa hivyo ningekuwa na karakana ya kutia rangi ya chuma, au banda la ng'ombe linalotiririsha uchafu kuelekea mtoni, maganda ya MamaTrei ningeyatafuta kwa gari.

#14 KukuKienyeji

Safi sana. Kisha yakishachoka kunyonya hiyo risasi nawapa kuku, si bado ni kalsiamu?

#15 MwalimuWaMaabara

HAPANA. Ndugu yangu, hapana. Risasi haijaenda popote, imehama tu kutoka majini kwenda kwenye ganda. Ukimpa kuku imehamia kwenye yai, kisha kwa mtoto wako. Hayo maganda sasa ni taka ya sumu, hayaendi kwa kuku, hayaendi kwa sukuma wiki, hayamwagwi mtaroni. Yale yaliyoshika fosfeti ya samadi tu, bila madini mazito, hayo ni mbolea, peleka shambani.

Watu wa video hawafiki hapa kamwe. Wanaonyesha maji yameng'aa, wanazima kamera. Ule uchafu umeenda wapi?

#16 Msamia

Mimi ni wa Busia, na nawaona mnazunguka mbuyu. Jadunga kasema kisima cha Nyalenda kinanuka, hakuna aliyemjibu. Ndugu, hicho hakina shida ya risasi wala floraidi. Ni kisima kifupi na choo kiko hatua ngapi? Hapo ni vijidudu. Ganda halimuui mdudu hata mmoja. Kwetu chemchemini kuna mtungi wa klorini umesimamishwa kwa mti, unazungusha valvu mara moja, dawa inaingia kwenye jerikeni kabla hujachota, unabeba nyumbani inafanya kazi njiani. Mama yangu hakusoma lakini hukosi kumwona akizungusha. Nyinyi wa mjini tumieni dawa ya maji ya dukani, au mchemshe mpaka yatokote kabisa. Hata chupa ya plastiki inayoonyesha ndani ukiianika juu ya mabati kwenye jua kali kwa muda wa saa sita mfululizo, mradi maji hayana tope, ni afadhali kuliko unga wa maganda.

Na wewe unayetaka kuchota konokono ziwani, kaa pwani uchote yaliyokauka. Ukiingia majini kuwafuata walio hai utarudi na kichocho, hao ndio wanaokilea.

#17 Jadunga

Choo kiko hatua kumi na mbili. Nimeenda kuhesabu sasa hivi na tochi. Asante ndugu, leo nimelala na aibu.

#18 MzeeWaBahati

Wanangu, nimewaacha mmalize. Mimi nina miaka 68, meno yangu ni ya kahawia, ya ndugu zangu ni ya kahawia, tulidhani ndivyo Mungu alivyotuumba watu wa huku. Mtu wa Nairobi alikuwa akitutambua kwa kucheka tu.

Jibu la mama lipo hapahapa Nakuru na si ganda, ni MFUPA. Jimbo Katoliki la Nakuru limeshughulika na mkaa wa mifupa tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Mifupa ya ng'ombe inachomwa kwenye tanuri linalobanwa hewa, digrii 400 hadi 500 hivi, inakuwa myeusi, inasagwa kama mchanga wa kokoto ndogo, inaoshwa, inatiwa kwenye ndoo au tangi. Maji yanapita polepole juu kwenda chini. Mimi nina ndoo mbili, moja juu ya nyingine, ya chini ina bomba. Mjukuu wangu wa kwanza ana miaka 11 na meno yake ni meupe kama tui.

#19 MwalimuWaMaabara

Mzee wangu, shikamoo. Umenipokonya neno mdomoni. Mfupa nao una kalsiamu, lakini si kaboneti, ni kalsiamu na fosfeti, ndiyo hiyohiyo iliyojenga jino. Floraidi inalipenda jino, ndiyo maana inaingia humo na kuliharibu. Basi unaitangulizia mfupa wa ng'ombe, inamalizia hamu yake huko, haifiki kwa jino la mtoto.

Magamba na mifupa ya mbuta ya Jadunga yako ukoo huo wa mfupa, si ukoo wa ganda. Kisumu mmekalia dawa ya Nakuru hamjui.

#20 Mmeru_TZ

Wakuu, nawasoma kutoka Arusha. Huku kwetu kuna mji unaitwa Maji ya Chai, jina linajieleza, na maji yake yana floraidi kupindukia. Pale Ngurdoto kuna kituo cha serikali cha utafiti wa kuondoa floraidi, nao wanatumia mkaa wa mifupa. Naongezea jambo moja ambalo huku limewaumiza wengi: magadi. Ile magadi unayotia kwenye makande au maharagwe yaive haraka inaweza kuwa na floraidi nyingi. Mtu anachuja maji vizuri halafu anairudisha kwa kijiko.

#21 BintiSwaleh

Asalaam aleikum. Swali la kando, sisi Waislamu tutajuaje kwamba hiyo mifupa si ya nguruwe?

#22 MzeeWaBahati

Waaleikum salaam binti yangu. Ni swali la haki, uliza unaponunua kabla ya kutoa pesa. Mimi nilionyeshwa mafuvu na mapaja ya ng'ombe yakisubiri zamu, yametoka machinjioni. Asiyeweza kukuonyesha, mwache.

#23 MamaTrei (siku 16 baadaye)

Nimerudi na majibu na mcheke taratibu.

Nilisaga nusu kilo ya maganda, kwa blenda ya keki, ambayo sasa inapiga kelele kama trekta. Nikatia kwenye ndoo ya lita 20 ya maji ya kisima, nikakoroga asubuhi na jioni siku tatu. Siku ya pili jikoni pakaanza kunuka. Ile harufu ya yai viza. Mume wangu akauliza kama kuna panya amefia chini ya jokofu, nikamwambia nyamaza hii ni sayansi. Kumbe nilisahau kuchemsha na kutoa utando wa ndani, ndio uliooza.

Nikachuja kwa kitambaa, nikapeleka maabara ileile. Kabla, 4.2. Baada, 4.1. Yule kijana wa maabara akaniambia kwa upole kwamba hiyo tofauti ni kama mizani ya nyanya, inaweza kuwa ni mkono tu.

Mwalimu umeshinda.

#24 FundiPampu

Mama heshima. Wengi hawapimi mara ya pili, wanaonja tu wanasema "yamebadilika." Na mimi nimejifunza, nilikuwa nawaambia wateja maji ni magumu miaka yote hii.

#25 Jadunga

Na mimi nimeharibu, nisimwache mama peke yake. Nimechoma mifupa ya mbuta kwenye karai la chuma juu ya jiko la makaa, wazi. Moshi ulitanda Nyalenda nzima, mjumbe wa mtaa akaja akidhani nachoma taka za hospitali. Ikatoka mingine myeupe kama chaki, mingine ya hudhurungi na bado inanuka samaki. Paka wanne wako mlangoni mpaka sasa.

#26 MwalimuWaMaabara

😂😂 Rangi ndiyo shahidi. Hudhurungi inayonuka: moto haukutosha, bado kuna mafuta na nyama ndani, itaharibu maji. Nyeupe: imepata moto na hewa kupita kiasi, uwezo wa kushika floraidi umepungua. Unataka nyeusi au kijivu cheusi, isiyo na harufu. Na si kazi ya jiko la nyumbani. Tafuta waliojenga tanuri, hao wanajua kuibana hewa.

Mama, kuna jambo nilikuwa nikisita kukuambia. Meno ya kudumu hujengwa ndani ya fizi mtoto akiwa mdogo, mpaka kama miaka 8. Ya kijana wako ya mbele yalishaisha kujengwa, ndoo haitayarudisha meupe. Daktari wa meno anaweza kuyafunika au kuyasugua kitaalamu, hilo lipo. Una mtoto mwingine?

#27 MamaTrei

Ninaye. Msichana, ana miaka mitatu. Anakunywa maji ya kisima hichohicho.

#28 MwalimuWaMaabara

Basi wa kukimbiliwa ni huyo. Na usihangaike na maji ya kuoga wala kufua, ni ya kunywa na kupikia tu, uji wake, chai yake. Hayo hayazidi mitungi miwili kwa siku kwa nyumba ya kawaida. Kama paa lako ni la mabati, mvua haina floraidi. Funga gata na tangi, acha manyunyu ya kwanza yaoshe paa yaende zake, kisha kinga. Tia dawa ya maji kwa sababu ya kinyesi cha ndege. Kiangazi kikikausha tangi ndipo ndoo ya Mzee ichukue zamu.

Na ukitaka ganda lako lisilie: maji ya mvua ni ya asidi kidogo na hayana madini. Hapo mfuko wa maganda yaliyochemshwa na kuokwa, yasiyo na utando, ukining'inizwa kwenye tangi unayaongezea kalsiamu na kuyapunguzia ukali. Si lazima. Nimesema tu kwa sababu najua huwezi kuyatupa.

#29 MamaTrei (miezi miwili baadaye)

Tangi la lita 1,000 limesimama, fundi aliweka gata imeinama upande usiofaa, tukafunga upya. Ndoo ya mifupa nimenunua mjini, nikauliza swali la BintiSwaleh kabla sijalipa na nikaonyeshwa. Maji ya kwanza yalitoka ya manjano na harufu ya sufuria iliyoungua, nikayamwaga kama Mzee alivyosema kwenye simu, ndoo sita hivi, ndipo yakawa maji. Kipimo: 0.5. Nimekibandika ukutani juu ya jiko kama cheti.

Msichana hapendi, anasema maji hayana utamu. Amezoea ya magadi.

Kutu, samahani, Brayo, tumempeleka kwa daktari wa meno mara moja. Amefanyiwa mawili ya mbele, manne yamebaki, tunalipa polepole. Jana alinionyesha jinsi anavyoweza kucheka kwa upande mmoja.

#30 MzeeWaBahati

Vizuri sana mwanangu. Andika tarehe juu ya ndoo. Huo mkaa ukijaa floraidi hautakuambia, haubadilishi rangi wala ladha, maji yatatoka yaking'aa vilevile. Mimi hupima kila baada ya miezi mitatu, wewe una watu wengi nyumbani, pima mapema zaidi.

#31 MamaTrei

Nimeandika kwa kalamu ya keki, ile ya rangi nyekundu.

#32 Pasua_na_Kachumbari

Kwa hivyo maganda yangu...?

#33 KukuKienyeji

Nitachukua, debe kwa debe, mradi hayajanyonya kitu na umeyaanika. Kachumbari utoe kwanza. Kuku wangu hawali dhania.